Sura ya Tano: Miti Inayokawia Kupukutisha Majani

Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mwaka ukiwa mwema, huvuta hadi siku za kwanza za Mei. Baada ya hapo kiangazi hutawala kwa miezi sita au saba mfululizo. Kwa mwaka mzima sehemu kubwa ya mkoa hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 hivi, na karibu yote hunyesha katika msimu huo mmoja. Kisha huja upepo. Singida ni nchi ya upepo, na upepo wa kiangazi hunyonya unyevu uliosalia katika udongo, katika ngozi za watu na katika kila jani lililobaki mtini.

Hapo ndipo miti hupishana. Mwezi Machi yote hufanana kwa ukijani. Mwezi Juni mbuyu umekwisha kubaki matawi matupu, na wakulima bado wanapura mtama. Hatua chache kutoka hapo mkwaju umefunga kivuli kizito, na utaendelea kuwa nacho Agosti, pengine hata Septemba, wakati mbuzi hawana pengine pa kukimbilia jua. Miti miwili, kijiji kimoja, mvua ile ile. Mmoja umevua mapema, mwingine unakawia.

Ni rahisi kusema mkwaju ni shupavu na mbuyu ni dhaifu. Lakini mibuyu iliyopimwa umri kwa njia ya kaboni imeonekana kuishi zaidi ya miaka 1,000, na mti dhaifu haufiki umri huo. Jambo liko kwenye maji: wapi mti unayapata, unayatunza vipi, na uko tayari kuhatarisha nini ili usiyapoteze. Tarehe ambayo mti unapukutisha majani ni matokeo ya hesabu hiyo, na anayejua kuisoma anaweza kuifahamu ardhi ya Singida kuliko anayeitazama wakati wa masika tu.

Namna mti unavyoachia jani

Upepo haung'oi jani. Humalizia tu kazi iliyokwisha fanywa na mti. Pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi pana tabaka jembamba la seli. Jani likiwa na afya hutengeneza homoni iitwayo auksini, na maadamu homoni hiyo inatiririka kutoka jani kuelekea tawi, tabaka hilo hutulia. Jani likizeeka au likikosa maji, auksini hupungua. Hapo homoni nyingine, ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi, hushika usukani. Seli za tabaka hutoa vimeng'enya vinavyolegeza kuta zinazozishikanisha, na upande wa tawi mti hujenga gamba la kuziba mahali jani litakapotoka. Nyuzi chache zilizobaki zikishindwa na uzito, jani huanguka.

Kabla ya kuliachia, mti hulikamua. Umbijani huvunjwa, na ndiyo sababu jani hugeuka njano. Naitrojeni na fosforasi hurudishwa tawini, kwa wastani karibu nusu yake au zaidi, ili zitumike kwa majani ya msimu ujao. Jani tunalolikanyaga limekwisha tolewa sehemu kubwa ya mali yake.

Kwa nini mti ujitie katika kazi yote hii? Kwa sababu jani hai halina budi kupoteza maji. Ili litengeneze chakula kwa nuru ya jua, yaani usanisinuru, ni lazima lifungue vitundu vyake vidogo, stomata, liingize hewa ya kabonidayoksaidi. Na vitundu hivyo vikifunguka, mvuke wa maji hutoka. Mvuke unaotoka majani ndio unaovuta maji kutoka mizizini hadi kileleni, katika mishipa myembamba ya mti. Udongo ukiwa na maji, mvuto huo hauna madhara. Udongo ukikauka, mvuto huzidi hadi mapovu ya hewa yanajipenyeza ndani ya mishipa. Mshipa ulioingia hewa hauwezi tena kupandisha maji, na mishipa ya namna hiyo ikiwa mingi tawi zima hufa. Mti unaopukutisha majani unaukata mvuto kabla haujafika huko.

Kwa hiyo mti unaobaki na majani hadi Septemba lazima uwe na moja ya mambo haya, au zaidi ya moja. Labda mizizi yake inafikia maji ambayo mingine haiyafikii. Labda mishipa yake ni imara kiasi cha kuvumilia mvuto mkali bila kuingia hewa. Au labda majani yake ni magumu, yenye ngozi nene, yanayofunga stomata upesi na kutoa mvuke kidogo. Hakuna lililo la bure kati ya haya. Mzizi mrefu hujengwa kwa chakula ambacho kingejenga tawi. Mishipa imara hudai mbao nzito zinazokua polepole. Jani gumu huchukua muda mrefu kulipa gharama ya kulitengeneza, na mti hauwezi kulitupa kila mwaka kwa wepesi.

Saa ya Ulaya na saa ya Singida

Swali la miti inayokawia huulizwa sana katika nchi za kaskazini, ambako miti mingi hupukutisha kati ya Septemba na Novemba baridi inapokaribia. Huko mti husoma urefu wa mchana. London wakati wa Juni mchana hukaribia saa 17. Wakati wa Desemba hushuka chini ya saa 8. Tofauti kubwa hivyo ni saa ya kuaminika kuliko joto, linalopanda na kushuka kila wiki. Mwaka 1936 mtaalamu wa mimea Edwin Matzke alichapisha uchunguzi wake wa miti ya barabarani katika jiji la New York. Aliona kwamba matawi yaliyo karibu na taa za barabarani yalikawia kupukutisha kuliko matawi mengine ya mti huo huo. Taa ziliyadanganya kwamba mchana bado ni mrefu. Baadhi ya mialoni, nayo, hubaki na majani yaliyokwisha kufa na kukauka hadi mwisho wa baridi, kwa sababu tabaka la kukatikia halikumaliza kazi yake.

Mji wa Singida uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Hapa mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hupishana kwa kama nusu saa tu, na baridi ya Juni na Julai, hata ikimlazimu mchungaji kujifunika blanketi, haiui jani. Kinachobadilika kweli ni maji. Rolf Borchert, aliyeichunguza misitu mikavu ya Guanacaste nchini Costa Rica, alionyesha mwaka 1994 kwamba maji yaliyo ndani ya udongo na ndani ya shina ndiyo yanayoamua kila aina ya mti ivue lini na ichipue lini. Baadaye yeye na wenzake walionyesha pia kwamba baadhi ya miti ya tropiki huhisi nyongeza ya mchana ya dakika zisizofika 30 na kuchipua kwa kuifuata, mvua ikiwa bado. Basi kuchipua kunaweza kuongozwa na jua. Kuvua, katika nchi kavu, huongozwa zaidi na maji.

Miti mbalimbali, njia nne

Tuanze na mbuyu, kwa sababu ndio unaoonekana kukata tamaa mapema. Mbao zake ni laini na nyepesi, zimejaa maji. Mtu angetarajia kwamba mti wenye shehena hiyo ungeendelea kuwa na majani kiangazi chote. Utafiti uliofanywa katika mibuyu ya Madagaska na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha vingine: maji ya shina hutumika kuchipulia majani mapya kabla ya mvua, lakini majani hayo hayafungui stomata kwa bidii hadi mvua inaponyesha. Mbuyu hautumii akiba yake kuishi kifahari wakati wa ukame. Huitunza kwa ajili ya siku moja muhimu, ili mvua ya kwanza ikianguka, majani yawe tayari. Mbao laini haziwezi kuvumilia mvuto mkali. Hivyo mti huvua mapema na kulala. Gome lake la nje likikwanguliwa, chini yake hutokea rangi ya kijani, maana yake kazi ndogo ya kutengeneza chakula huendelea bila jani hata moja. Miti ya jamii ya manemane, Commiphora, ambayo watu wa kanda ya kati huchomeka matawi yake ardhini yakawa ua hai, hufuata njia hiyo hiyo: hukaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka, na chini ya gome linalobanduka kama karatasi shina lake ni la kijani.

Njia ya pili ni ya miti ya miombo, inayotawala magharibi mwa mkoa kuelekea Rungwa. Mtundu na myombo, ambayo wataalamu huiita Brachystegia, hubaki na majani ya zamani kupitia Juni na Julai, huyapukutisha yanapokuwa yamechakaa kabisa, na kabla msitu haujakaa mtupu muda mrefu huchipua upya. Agosti hadi Oktoba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, msitu wa miombo hugeuka mwekundu, rangi ya shaba, kisha kijani. Wekundu huo unatokana na rangi iitwayo anthosayanini, iliyomo katika majani machanga. Mti unaofanya hivi lazima uwe na maji ya kina, kwani unajenga majani mapya wakati udongo wa juu ni vumbi tupu. Maua huja pamoja na majani, na wafugaji nyuki wanalijua hilo. Hifadhi ya nyuki ya Aghondi wilayani Manyoni, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, iko katika nchi ambayo nyuki hupata maua katika miezi ambayo mwanadamu haoni hata ukoka.

Njia ya tatu ni ya mkwaju na mkuyu. Mkwaju una vijani vidogo vidogo vinavyojikunja usiku, mbao ngumu na mizizi inayokwenda chini sana. Hupukutisha tu mwaka ukiwa mkavu kupita kiasi, na hata hapo si wote kwa pamoja. Mkuyu hukaa kando ya mito ya msimu, ambako maji hutiririka masika na kujificha chini ya mchanga kiangazi. Wanawake wanaochimba visima katika mchanga wa mto wanachota maji yale yale yanayonywewa na mkuyu. Jangwa la Kalahari limetoa mfano wa kushangaza wa njia hii: mti wa jamii ya Boscia, ambayo ndugu zake wapo pia katika nyika za Tanzania ya kati, mizizi yake ilikutwa katika kisima kwenye kina cha meta 68.

Njia ya nne inapindua kalenda nzima. Mkababu, Faidherbia albida, hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuchipua mvua zinapokoma. Huota katika udongo wa mabonde na kingo za mito ya msimu, katika Tanzania ya kati na katika ukanda mkavu wa Afrika hadi Senegali. Huko Senegali wanasayansi waliwakuta bakteria wa mizizi ya mti huu katika kina cha meta 34. Maji ya kina hicho hayategemei mvua ya wiki hii. Mkababu hutumia kiangazi chote kwa nuru ya jua isiyo na mawingu, na masika, mahindi yanapohitaji jua, wenyewe hauna kivuli cha kuyafunika. Majani yake huanguka shambani wakati mkulima anapanda, nayo huongeza naitrojeni. Maganda yake hudondoka wakati wa njaa ya mifugo.

Mlima, mteremko na mbuga

Aina ya mti peke yake haielezi kila kitu. Mtundu mmoja waweza kuvua Juni na mwingine wa rika lake ukavua Agosti, nao wakatenganishwa na mteremko wa nusu saa kwa miguu. Aliyelieleza hili vizuri alikuwa Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Katikati ya miaka ya 1930 alitoa wazo lililoenea dunia nzima: udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kama mnyororo kutoka kilele hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Juu kuna mawe na udongo mwepesi. Kwenye mteremko kuna udongo mwekundu au wa kichanga. Chini kabisa iko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi.

Singida inaonyesha mnyororo huo kwa uwazi kuliko mikoa mingi, kwa sababu ya mawe yake. Miamba mikubwa ya matale iliyotapakaa kuzunguka mji na maziwa ya Singidani na Kindai haifyonzi mvua. Maji yote yanayoanguka juu ya mwamba huteremka na kuingia katika ukanda mwembamba wa udongo unaouzunguka, na katika nyufa zake. Ukanda huo hupata mvua yake pamoja na mvua ya mwamba, na ndiyo sababu mitini ya porini iliyoshika nyufa za mawe hubaki ya kijani wakati nyika inayoizunguka imekauka.

Mbuga hufanya kinyume na inavyotarajiwa. Ina maji mengi kuliko mteremko, lakini mfinyanzi huyashika kwa nguvu kubwa hivyo kwamba mizizi haiwezi kuyanyonya yote, na nyufa zake hukata mizizi myembamba. Migunga michache tu huvumilia hapo. Kwenye udongo wa kichanga mvua ndogo hupenya chini haraka, na mti wenye mizizi mirefu huipata baadaye, Julai na Agosti. Hivyo mchanga, ambao mkulima wa mahindi huudharau, unaweza kumfaa mti mkubwa kuliko mfinyanzi wenye rutuba. Mtu akitembea Septemba kutoka mwamba hadi mbuga, majani humwonyesha mahali maji yalipo bila kuchimba shimo.

Vichaka vya Itigi

Kati ya Manyoni na Itigi, na kusonga magharibi, kuna uoto usio na mwenzake Tanzania. Misafara ya pwani iliyokwenda Tabora ililazimika kuvuka pori la kutisha, lililojulikana kama Mgunda Mkali, baada ya kuuacha Ugogo, nchi ya Wagogo. Wasafiri wapelelezi Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kila msafara uliliogopa kwa sababu moja: maji hayapatikani. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita humo humo.

Sehemu ya nchi hiyo imefunikwa na vichaka vya Itigi. Ni mimea ya meta 3 hadi 5 hivi, iliyosongamana hata mtu hapiti bila panga, na chini yake karibu hakuna nyasi. Mtaalamu wa mimea Frank White alipochora ramani kubwa ya uoto wa Afrika, iliyochapishwa na UNESCO mwaka 1983, alivipa vichaka vya Itigi sehemu yake peke yake. Vichaka vya namna hiyo viko pia kaskazini mwa Zambia, karibu na maziwa ya Mweru Wantipa na Tanganyika, na huko vimefyekwa sana.

Vimeota juu ya udongo ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu mno, na masika hulainika mizizi ikapenya. Katika udongo wa namna hiyo mti mkubwa wa mizizi mirefu haupati nafasi yake. Vinavyofaulu ni vijiti vingi vinavyogawana maji ya msimu, vikapukutisha udongo unapofunga, vikafunika ardhi kwa majani makavu. Vingine huvua mwanzo wa kiangazi na vingine hukawia, kila aina kwa mizizi yake. Kwa kuwa nyasi hazipo, moto wa nyika hufika ukingoni na kuzimika. Vichaka hivyo vinalindwa na msongamano wake wenyewe. Ukiufungua kwa njia na mashamba, nyasi huingia, na baada ya nyasi huingia moto.

Aliyevieleza mapema kwa umakini ni Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Tanganyika katika idara ya utafiti wa mbung'o. Mwaka 1929 alichapisha orodha ya matunda na mbegu zinazosambazwa na wanyama na ndege katika wilaya ya Singida, kazi ya mtu aliyetembea huku akitazama chini na juu. Mti mmoja wa vichaka vya Itigi uliitwa Burttia kwa heshima yake. Maelezo yake makubwa kuhusu uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942, yeye akiwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Kivuli kilichokuwa suala la uhai

Kwa nini idara ya mbung'o ilimwajiri mtaalamu wa mimea? Jibu linaturudisha kwenye majani ya Septemba. Mbung'o, anayeambukiza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, hawezi kustahimili jua kali na hewa kavu. Masika, nyika yote ikiwa na majani, huenea kila mahali. Kiangazi, miti mingi ikiwa mitupu, hujikusanya penye kivuli kilichobaki: vichaka vinavyokawia kuvua, miti ya kando ya mito, mianya ya miamba. Sehemu hizo ndogo ndizo zinazomvusha hadi mvua nyingine.

Charles Swynnerton, mkurugenzi wa utafiti huo mwenye makao yake Shinyanga, alijenga mkakati juu ya jambo hilo na kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1936 kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki. Badala ya kufyeka nchi nzima, alisema, fyeka zile sehemu chache tu zinazompa mbung'o kivuli wakati mgumu. Aina moja ya mbung'o wa kaskazini na kati ya Tanzania, Glossina swynnertoni, ina jina lake. Alikufa katika ajali ile ile iliyomuua Burtt.

Wazo hilo lilihitaji mtu anayejua kila mti unavua lini. Lakini sehemu anazojificha mbung'o ndizo pia anazojisitiri swala, nyuki, ndege na mchungaji, na ufyekaji haukubaki kwenye sehemu chache. Shinyanga, jirani wa Singida, ilipoteza misitu mingi kwa ajili ya vita dhidi ya mbung'o, mashamba ya pamba na kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili iliwe kiangazi. Mamia ya maelfu ya hekta yalipata uoto tena. Somo lake ni la moja kwa moja: kinachoamua mifugo iishi au ife ni kilichobaki Septemba, na ngitili ni njia ya jamii kukipanga kabla ya wakati.

Moto wa Juni na moto wa Oktoba

Jambo lingine linalotegemea tarehe ya majani ni moto. Mwaka 1933 watafiti wa misitu walianza jaribio huko Ndola, Zambia, katika msitu wa miombo. Vipande vingine vya msitu vilichomwa kila mwaka mapema katika kiangazi, vingine mwishoni mwa kiangazi, na vingine vililindwa visichomwe kabisa. Baada ya miaka mingi, vilivyochomwa mwishoni vilikuwa nyasi na miti michache. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu. Vilivyolindwa vilizidi kusongamana.

Sehemu ya sababu ni nyasi: Juni bado zina unyevu, Oktoba ni kavu na moto wake hupanda juu. Sehemu nyingine ni majani. Moto wa mapema hukuta miombo ikiwa na majani mazee, ambayo mti umekaribia kuyaacha. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta majani machanga, yaliyojengwa kwa akiba ya mwaka mzima, na mti ulioyapoteza hauna tena cha kujengea mengine hadi mvua ije. Moto ule ule wa dakika chache huwa na madhara tofauti kabisa kwa kupishana miezi mitatu au minne. Vijiji vya Manyoni na Itigi vinavyoweka sheria ndogo za moto vingefanya vyema kuandika mwezi, na mwezi huo uwe wa mapema.

Kupima ardhi wakati wake

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa wanakijiji usimamizi wa ardhi yao, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 ikaweka utaratibu wa kupanga wapi palimwe, wapi palishwe, wapi pahifadhiwe. Ukipangwa wakati kila kitu ni cha kijani, mpango huo utaliita pori kila eneo ambalo halijalimwa. Ukipangwa Septemba, tofauti hujitokeza zenyewe. Ukanda wa kijani kuzunguka mwamba ni maji yaliyokusanywa. Mstari wa mikuyu ni mto unaoendelea kutiririka chini ya mchanga. Mkababu mmoja katikati ya shamba ni maji ya kina na mbolea ya msimu ujao. Kichaka kinachovua mwisho ni kimbilio la nyuki na malisho ya mbuzi. Na miombo inayochipua vumbini ni dalili kwamba udongo wa chini haujaisha maji hata pale udongo wa juu ulipokufa.

Dalili hizi zina mipaka. Jani la kijani laweza kutoka kwa mti wenye jani gumu unaobana kila tone, wala si mahali pa kuchimba kisima. Kwa sababu hiyo ni lazima kujua aina ya mti, kina cha mizizi yake na mahali ulipo katika mteremko. Maarifa hayo yamo vijijini. Mchungaji anajua wapi apeleke mbuzi Oktoba. Mfugaji nyuki anajua mti gani huchanua kabla ya mvua. Ofisa misitu anajua majina ya kitaalamu. Wakikaa pamoja na daftari na kuandika kila mwaka tarehe ambayo miti michache iliyochaguliwa imevua na kuchipua, watakuwa na kipimo kisicho na gharama. Shule za msingi zaweza kuifanya kazi hiyo katika somo la sayansi. Mvua zikianza kukoma mapema kuliko zamani, mbuyu na mtundu vitaonyesha katika daftari hilo kabla mavuno hayajashuka.

Wakati wa kufyeka, mti unaokawia huonekana kuwa wa kawaida kama mingine, na mara nyingi hukatwa kwanza kwa sababu mbao zake ngumu hutoa mkaa mzuri. Anayeukata huondoa kivuli cha Septemba, malisho ya Oktoba na mizizi iliyochukua miaka mingi kuyafikia maji, na mche utakaopandwa mahali pake hautayafikia katika umri wa aliyeukata. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kutunza miti ya Singida iwe hii: orodha ya miti ya kulindwa iandikwe mwisho wa kiangazi, na mti uliobaki na majani siku hiyo usikatwe hadi ijulikane unapata wapi maji yake na nani anautegemea.